Kabla ya kulaumu muguka, muulize kijana amekula nini

Msomaji, kabla hujaendelea, nijibu hili: jana mchana ulikula nini? Usinipe jibu la Instagram, nipe la ukweli. Kama uko kwenye stendi ya bodaboda pale Makutano mjini Meru, ama umejifungia kwenye bedsita mjini Embu ukisubiri pesa ya HELB iingie, jibu lako huenda ni moja kati ya matatu. Chai na mandazi. Smokie mbili. Ama lile la tatu ambalo sisi vijana tunalisema kama sifa: "Sijakula, lakini niko sawa."

Hilo la tatu ndilo limenileta hapa leo.

Unakumbuka Mei 2024? Kenya nzima iligeuka wataalamu wa muguka. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Pwani walisema vijana wao wanaharibika akili. Huku kwetu Mbeere wakulima wakashika kichwa, kwa sababu jani hilo ndilo karo, ndilo unga, ndilo mabati. Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu na kusema marufuku ya kaunti hayana nguvu, kwani sheria ya taifa inalitambua zao hilo. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikayasimamisha. Mitandaoni tukatukanana wiki mbili, kisha Mswada wa Fedha ukaja na tukahama.

Nilifuatilia hayo mabishano yote, manze, na kuna kitu kilinikera. Upande mmoja uliongea kuhusu jani na akili. Upande wa pili ukaongea kuhusu jani na mfuko. Sikusikia mtu akiuliza kuhusu tumbo. Yule kijana anayetafuna, alikuwa amekula nini kabla ya kuanza? Na kama hakuwa amekula, tunajuaje ni kipi kinachomsumbua kichwa, kile anachotafuna ama kile anachokosa?

Swali hilo lina historia ndefu hapa hapa Embu, na wengi wetu hatuijui.

Jani linafanya nini hasa

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Miraa ya Igembe na Tigania kule Meru, na muguka ya Mbeere hapa Embu, ni mti wa aina moja. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye miraa unatafuna ganda la vijiti vichanga, na kwenye muguka unatafuna majani yenyewe. Kemikali inayofanya kazi inaitwa kathinoni, na ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Inakuamsha, inakufanya uongee sana, inafukuza usingizi na inafunga njaa.

Soma tena hilo la mwisho. Inafunga njaa.

Mtu wa nje akija hapa anadhani vijana wanatafuna kwa starehe tu. Wako wa starehe, sikatai. Lakini angalia nani anatafuna kila siku: askari wa usiku, dereva wa lori, msee wa bodaboda anayetaka kufikisha pesa ya mwenye pikipiki, mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Hawa ni watu ambao saa zao za kazi ni ndefu kuliko bajeti yao ya chakula. Muguka ya shilingi hamsini, Big G na njugu kidogo inakuvusha kutoka asubuhi hadi jioni. Sahani ya ugali, maharagwe na mboga inakata zaidi ya mia, na baada ya saa nne njaa imerudi. Ukipiga hesabu ya leo pekee, jani linashinda. Ndiyo maana matangazo ya NACADA yanapita masikioni mwetu kama upepo. Yanatuambia tuache, na yale maswali ya lanchi yanabaki pale pale.

Nilipiga hesabu hiyo mimi mwenyewe, kwa hivyo siandiki kama pasta.

Mwaka wa pili kampasi nilikuwa na salio la karo lililonikosesha raha. Pesa kidogo niliyokuwa nayo niliipangia kodi, bando na fotokopi. Chakula ndicho kilikatwa, kwa sababu tumbo halina karani wa kukuandikia barua ya onyo. Kwa karibu muhula mzima nilikula mandazi mbili na chai asubuhi, halafu jaba kuanzia mchana, soda jioni, na chapati moja saa nne usiku nikikumbuka. Mwanzoni nilijiona shujaa. Nilikuwa nikimaliza kazi za darasa saa tisa usiku.

Halafu mambo yakaanza kuharibika polepole. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne bila kushika kitu. Mikono ilitetemeka. Rafiki akinipigia simu naona kama ananidai. Siku moja nililia ndani ya matatu ya Runyenjes bila sababu yoyote ninayoweza kukueleza, na mama aliyekaa kando akanipa leso bila kuuliza neno. Sikurudi shule muhula uliofuata.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi muguka ilinitoa shule, na sisemi njaa ndiyo ilinitoa. Nilikuwa na deni, nilikuwa na usingizi wa saa tatu, nilikuwa mpweke. Hayo yote yalifungwa kwenye gunia moja. Ninachosema ni kwamba katika miezi hiyo watu wengi waliniuliza kama natumia kitu, na wote walimaanisha dawa. Wa kwanza kuniuliza kama nimekula alikuwa mama yangu, nikiwa tayari nyumbani.

Watoto wa githeri wa Kyeni

Nikiwa nyumbani ndipo tata yangu, dada mdogo wa baba, alinipa hadithi iliyonifanya nianze kusoma mambo haya. Alikuwa ameketi akichambua maharagwe, akasema hivi hivi tu: "Sisi tulikuwa watoto wa githeri ya wazungu. Ya kwetu ilikuja na maziwa. Shule ya ng'ambo ile walikuwa wanawekewa nyama. Tuliwaonea wivu!"

Nilidhani ni stori za kijijini. Nikaingia mtandaoni na kugundua kwamba tata na wenzake wamo katika mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu chakula na akili za watoto.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1998, katika tarafa ya Kyeni Kusini, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichukua shule 12 za msingi na watoto wapatao 550 wa darasa la kwanza. Shule zikagawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu manne, shule tatu kila fungu. Fungu la kwanza lilipata githeri yenye nyama ya kusaga. La pili likapata githeri na glasi ya maziwa. La tatu likapata githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia, ili nguvu inayotokana na chakula iwe sawa kwa mafungu yote matatu. La nne halikupikiwa kitu, ila familia za watoto hao zilipewa mbuzi wa maziwa kama shukrani. Kila siku ya shule, kwa mihula saba, watoto wakala, wakapimwa, wakatahiniwa.

Nyama yenyewe haikuwa ya harusi. Ilianza na gramu 60, baadaye ikafika 85. Hiyo ni nyama inayoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Matokeo? Kwenye jaribio la mafumbo ya michoro linaloitwa Raven, ambalo linapima jinsi unavyofikiri kutatua jambo jipya, watoto wa nyama waliwapita wengine wote, wakiwemo wa maziwa na wa mafuta. Kwenye hesabu, wa nyama na wa mafuta waliwapita wale ambao hawakupikiwa. Na kuna hili ambalo mimi nalipenda zaidi. Watafiti walikaa pembeni ya uwanja wakati wa mapumziko wakiandika nani anafanya nini. Watoto wa githeri ya nyama walicheza zaidi, wakaanzisha michezo wenyewe na kuonyesha uongozi kuliko wenzao. Hebu fikiria tofauti hiyo ikionekana uwanjani, mahali ambapo hakuna mtihani wala mwalimu.

Kwa nini nyama, wakati githeri yenyewe ni chakula kizuri? Jibu liko kwenye vitu vidogo. Watoto wengi wa Kyeni walikutwa na vitamini B12 kidogo sana mwilini. B12 hupatikana kwenye vyakula vya wanyama: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Mahindi na maharagwe hayana. Mwili unaihitaji kutengeneza ala inayofunika mishipa ya fahamu, kama ule mpira unaofunika waya wa stima. Madini ya chuma nayo hubeba oksijeni kwenda kwenye ubongo na kusaidia kutengeneza kemikali zinazohusika na hamu na umakini. Mahindi na maharagwe yana chuma, lakini yana pia vitu vinavyoishikilia isiingie mwilini kwa urahisi. Nyama kidogo inaifungulia mlango.

Miaka mingi kabla ya hapo, katika miaka ya 1984 hadi 1986, watafiti walikuwa tayari Embu wakati ukame wa 1984 ulipopiga. Chakula kilipopungua, watoto wa shule walipunguza kucheza uwanjani na umakini wao darasani ukashuka. Mwalimu ambaye hakujua kilichokuwa jikoni angewaita wazembe.

Sasa nikupe na upande wa pili, maana uchambuzi bila breki ni propaganda. Maziwa hayakuleta matokeo hayo ya mafumbo, ingawa yalipandisha B12 na yalisaidia watoto waliodumaa kuongeza kimo. Katika kuelewa lugha hakukuwa na tofauti kati ya mafungu. Sehemu ya pesa za utafiti ilitoka kwa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama Marekani, pamoja na fedha za shirika la USAID, na ni haki yako kukunja uso ukisikia hivyo. Ubishi ulifika mbali. Mwaka 2005 mmoja wa watafiti, Lindsay Allen, alisema kwenye kongamano huko Washington kwamba kuwalea watoto wadogo bila chakula chochote cha wanyama si haki kwao. Paul McCartney wa The Beatles, ambaye hali nyama, akamjia juu. Watoto wa Kyeni wakawa wamezua vita na msanii wa Liverpool, na sisi huku hata hatukujua.

Lakini somo la msingi lilisimama. Akili ya mtoto inajengwa kwa vitu vinavyoshikika, na baadhi yake hupungua kwenye sahani yetu ya kawaida hata pale tumbo linaposhiba.

Na sisi wakubwa je?

Utasema, hao walikuwa watoto wa miaka saba. Mimi nina ishirini na tatu, ubongo wangu ulishajengwa. Ni kweli kiasi. Lakini nyumba iliyojengwa bado inalipa stima. Ubongo ni kama asilimia mbili ya uzito wako na unatumia takriban asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili unateketeza ukiwa umetulia. Ukikosa chakula hauzimi. Unaanza kubana matumizi, na wewe unaiona hasira, kusahau, kukata tamaa mapema.

Kuhusu huzuni ile nzito ya ugonjwa, kuna utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2017, ukiongozwa na Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin. Watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye dawa ama ushauri nasaha, waligawanywa. Nusu wakasaidiwa kubadilisha chakula kwa wiki 12: mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, na kupunguza vya viwandani. Nusu nyingine wakapata mtu wa kupiga nao gumzo kwa saa hizo hizo. Mwishoni karibu theluthi moja ya wale wa chakula walikuwa wametoka kwenye kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya wale wa gumzo. Ni watu wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa hivyo tusiimbe haleluya. Lakini ni dalili nzito.

Karibu zaidi na sisi, Kilimanjaro nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa 2025 uliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Wale waliozoea chakula cha kienyeji wakapewa cha kizungu kwa wiki mbili, yaani vya kukaanga na vya viwandani, na baadhi ya wale wa mjini wakapewa cha kienyeji. Wiki mbili tu zilitosha damu ya kundi la kwanza kuonyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani ya mwili, na wale waliorudi kwenye chakula cha nyumbani wakaonyesha kinyume. Hawakupima huzuni pale, ila uvimbe huo wa ndani ni mojawapo ya njia ambazo wanasayansi wanaichunguza wanapotaka kuelewa jinsi chakula kinavyofika hadi kwenye hisia.

Kwa hivyo ukiniuliza kama yai litakutibu sonona, nitakwambia hapana. Kama umefika mahali pa kuwaza kujidhuru, ama wiki zinapita hutoki kitandani, nenda hospitali na uongee na mtu unayemwamini leo, usingoje uanze kula vizuri kwanza. Chakula ni sehemu ya msingi wa nyumba. Nyumba inayoungua inahitaji zaima moto.

Shamba limejaa, sahani iko tupu

Hapa ndipo pananiuma zaidi. Meru na Embu si jangwa. Ukitoka Embu mjini kuelekea Runyenjes, Chuka, Nkubu hadi Meru, unapita majani chai, kahawa, ndizi, parachichi, makadamia, ng'ombe wa maziwa. Tunalisha Nairobi. Halafu mtoto wa mwenye shamba anakula ugali na sukuma ya kuoshwa na maji moto, na mtoto wake aliye kampasi anakula smokie.

Inatokeaje? Ingia boma la kawaida asubuhi. Pikipiki inakuja kuchukua maziwa saa kumi na mbili. Yanabaki ya chai. Mayai ya kienyeji yanangoja siku ya soko kwa sababu yana bei nzuri. Parachichi zinaenda na broka zikiwa bado juu ya mti. Pesa ikirudi, inanunua unga, sukari, mafuta ya kupikia na mkate. Tunauza chakula cha ubongo na kununua chakula cha tumbo, na hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Mama ana karo ya kulipa na chama cha Jumapili.

Kule miraa ama muguka imetawala shamba, hali ni tete zaidi, kwa sababu huwezi kuchemsha miraa ukala. Kila kitu kinanunuliwa, na soko likifungwa jiko linafungwa. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ikafunga mlango Machi 2020 na haikuufungua hadi Julai 2022. Magazeti yalihesabu mabilioni yaliyopotea. Vikombe vya maziwa vilivyopotea Igembe katika miaka hiyo vilikosa karani.

Na kuna mitego midogo tusiyoiona. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezewe madini ya chuma, zinki na vitamini, ikiwemo foliki. Sawa. Lakini wengi wetu tunakula unga wa mahindi ya shamba yaliyosagwa kwenye mashine ya mtaani, na huo hauongezewi kitu. Halafu juu yake tunashushia chai ya rangi, na majani ya chai yanazuia chuma ya mboga na maharagwe kuingia mwilini. Sisi watu wa majani chai tunakunywa kinywaji chetu wakati mbaya.

Serikali iliwahi kuelewa haya. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha Maziwa ya Nyayo, na kizazi cha wazazi wetu bado kinaongea kuhusu zile pakiti za pembe tatu kwa tabasamu. Mpango ukafifia miaka ya tisini. Watafiti walipofika Kyeni 1998 kupima kama maziwa yanasaidia watoto wa shule, maziwa yenyewe ya serikali yalikuwa yameshakauka. Huo ndio utani wetu wa kitaifa.

Basi tufanyeje?

Juni 2024 tulitoka barabarani, na mojawapo ya vitu vilivyotuwasha ni pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16. Likaondolewa, na siku chache baadaye mswada wote ukarudishwa. Tulionyesha kwamba kizazi chetu kinaweza kusoma mswada kifungu kwa kifungu. Sasa tusome bajeti za kaunti vivyo hivyo.

Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya chekechea iko chini ya kaunti. Hiyo ina maana kuwa mtoto wa miaka minne pale Siakago ama Laare hawezi kusukumiwa Nairobi. Ni mtoto wa gavana wako. Nairobi ilianza Dishi na County mwaka 2023, mzazi analipa shilingi tano na mtoto anapata sahani ya moto. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa zake, lakini jiko linawaka. Embu na Meru zina kitu ambacho Nairobi haina, yaani ng'ombe, kuku na maharagwe umbali wa kutembea kutoka darasani. Kaunti ikinunua maziwa na mayai kwa vyama vya wakulima wake, mtoto anapata B12 na mkulima anapata soko lisilotegemea ndege ya Mogadishu. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitwa kwenye wadi yako, nenda ukaulize laini ya chakula cha chekechea iko ukurasa gani.

Wewe mwenyewe, leo jioni, mambo ni madogo. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage yale maji, yatakupa chuma zaidi. Kula parachichi, chungwa ama nyanya mbichi pamoja nayo, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Omena ya kupima sokoni, maini robo mara moja kwa wiki, ama yai moja la kuchemsha kila siku, hiyo ni B12 yako. Terere na managu zinashinda kabeji. Kama mnaishi watatu kwenye ploti, changeni na mpike githeri ya siku mbili, itawatoka nafuu kuliko smokie.

Na kama unatafuna, mimi si mama yako. Wapo wanaotafuna na wanaendelea na maisha, na wapo niliowaona wakipoteza usingizi, kisha wakaanza kusikia sauti. Lakini hata kabla hujafikia uamuzi wa kuacha, jiwekee sheria moja niliyojiwekea mimi niliporudi nyumbani: hakuna jani kabla ya sahani. Nilianza nayo kwa ubishi. Wiki ya tatu nikaona kwamba siku nyingi, nikishakula, ile hamu ya jaba haiji. Nilikuwa nimeibandika njaa jina lingine.

Shule sijarudi bado. Salio lipo, na napanga. Ukurasa mmoja sasa naumaliza mara moja, na hilo kwangu si jambo dogo.

Kwa hivyo Pwani wakirudi tena na marufuku, na Mbeere wakirudi tena na mabango, nitawasikiliza wote, kwa sababu kila upande una watoto wake unaowalilia. Ila nitauliza lile swali ambalo Mei 2024 halikuulizwa, na nakuomba ulianze kwa mwenzako unayemwona amebadilika, amekuwa mkimya, anashinda na shavu limejaa majani. Usianze na "unatumia nini?" Anza na "umekula?" Na kama jibu ni hapana, usimpe nasaha. Mvute mkono hadi kibandani.